Mama ukiitwa kuongoza, ingia barazani na daftari

Jumapili iliyopita mama mmoja wa kata yetu (yaani kusanyiko letu la Wamormoni) hapa Lubumbashi alinishika mkono nje ya kanisa, macho mekundu. Ameitwa kuwa rais wa Muungano wa Usaidizi, umoja wa akina mama wa kanisa letu, ile tunayoiita Société de Secours. Ana watoto watatu na meza ya unga kwenye soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi). "Mama, nitaweza wapi mimi?" Jua lilikuwa kali, watoto wanalia njaa, sikumjibu vizuri. Namjibu hapa.

Sisi Wamormoni hatugombei vyeo. Askofu anakuita, unaitika au unakataa, mshahara hakuna, na siku moja unapumzishwa bila kosa. Ukuhani wanapewa wanaume tu, na askofu ni mwanaume. Hilo linasemwa jikoni, tena kwa uchungu, sitajifanya sijalisikia. Ila nimeona pia akina mama wakiligeuza mto wa kulalia: "Mwamuzi ni askofu," basi wananyamaza. Mimi nilinyamaza miezi mitatu.

Rais wa Muungano ni mjumbe wa baraza la kata, kikao cha viongozi wa kata, si mgeni. Nilikuwa nimekaa pale siku ndugu walipojadili kilio (msiba) cha muumini mmoja: turubai, viti, nani ataleta makala (makaa). Nusu saa nzima. Mimi nilijua jambo lingine. Jana yake nilimkuta mjane wa marehemu anakunja nguo za watoto. Shemeji zake wamekwisha kubeba sufuria na kitanda, wanadai karatasi za nyumba. Sikusema, nikingoja kuulizwa. Siku tatu baadaye alikuwa kwa dada yake Katuba, analala barazani na godoro moja. Turubai tulipeleka. Lilifungwa vizuri sana, kwenye nyumba ambayo si yake tena.

Ndiyo maana nasema daftari. Familia moja, mstari mmoja: wanakosa nini, nani atakwenda, siku gani. Omba nafasi mapema, kabla watu hawajaanza kutazama saa. Usiseme "kuna akina mama wana shida". Sema ni mama yupi, na shida ipi.

Washauri wako wawili unawapendekeza wewe kwa askofu. Mmoja awe mtu anayeweza kukukatalia. Na mzee wa nyumbani mwambie mapema kwamba bukari (ugali) ya Jumapili itachelewa.

Muungano wenyewe ulianzia kwenye mashati. Huko Nauvoo, Illinois, Marekani, mwaka 1842, fundi cherehani Margaret Cook alitaka kuwashonea wajenzi wa hekalu lakini hakuwa na kitambaa. Sarah Kimball alikuwa nacho. Wakaita majirani. Tarehe 17 Machi Muungano ukaundwa, Emma Smith akiwa rais wa kwanza. Waliona shati limechanika, wakaanzia hapo.

Tangu Oktoba 2019 sisi akina mama tunaruhusiwa pia kuwa mashahidi wa ubatizo, kutazama kama mwili wote umezama. Mara yangu ya kwanza nilisimama pembeni ya kisima cha ubatizo, viatu mkononi. Kijana akazamishwa, maji yakafunga, ndugu wote wakatabasamu. Mimi nilikuwa nimeona kiwiko chake juu ya maji. Koo lilinikauka. Nikasema, "Hakuzama wote." Aliyembatiza akanitazama, akafuta uso, akamshika kijana mkono tena.