Mwalimu, simamisha hiyo Jumamosi kwanza

Usiwapeleke hao watoto kupanda mikoko, ile miti ya kwenye tope la bahari. Nimesoma swali lako mara mbili: wanafunzi 120, wazazi wa mtaa, mbegu 4,000 za mkoko, na "uwanja mkubwa wa tope usio na mti hata mmoja" ukingoni mwa hori ya Tudor, ule mkono wa bahari hapa Mombasa. Unauliza habari za kibali, fulana, usafiri na kugawa makundi. Mimi nakuuliza moja tu: huo uwanja hauna mti kwa nini?

Sisi hatukuuliza. Tulikuwa shule mbili na kikundi cha vijana upande wa Mikindani, na tulikuwa na "mtaalamu". Bwana huyo alikuja na bango refu kuliko mtumbwi, na mpiga picha wake. Mwenye pesa za mradi alitaka hesabu ya miti kabla mwaka wake wa fedha haujafungwa, basi mtaalamu akatuchagulia mahali ambapo picha ingetoka vizuri. Mzee mmoja mvuvi akamwambia, "Hapo maji hayatoki." Mtaalamu akacheka, akanyoosha mkono: tope tupu mpaka kule mbele. Nami na diploma yangu nikacheka pia. Mungu anisamehe.

Kumbe ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida. Wewe mtu wa pwani, unajua bamvua maji yakipwa unaona hata mahali ambapo siku nyingine hupaoni. Hapa Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Tulichomeka topeni mbegu 3,000 kwa saa mbili, watoto wanaimba. Wiki iliyofuata yakaja maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, na pale mahali hapakufunuka kabisa. Mbegu zetu zikakaa chini ya maji kutwa kucha. Zilizovumilia zikanaswa na mifuko na matambara yanayoshuka kutoka mitaani, zikang'olewa. Baada ya miezi mitatu tulihesabu 41, na nashuku vingine vilikuwa vijiti vya watoto vya kuwekea alama.

Pesa zilikwenda, sawa, hazikuwa zangu. Lakini kuna kitoto cha darasa la tano kilinishika shati: "Mwalimu, mti wangu uko wapi?" Mpaka leo nikikiona njiani navuka barabara.

Yule mtaalamu alikuwa akisema "mikoko ni mikoko tu, penye tope inaota". Si kweli! Kila aina ina ngazi yake. Mlilana ndio unaotangulia baharini, mkoko wenyewe (hapa ni aina moja, si jina la yote) uko nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi, na mchu utaukuta mbele na nyuma pia. Chini ya usawa wa wastani wa bahari usitarajie kitu. Tope lile la mbele ni malisho ya ndege na kaa, si shamba lililosahaulika. Alituletea mkoko kwa sababu mbegu yake ni ndefu kama kirungu, haitaki kitalu, unaichomeka unaondoka. Ukweli ndio huo.

Kwa hiyo nenda bamvua, kisha nenda tena maji mafu, utazame. Kama hakuna mche hata mmoja uliojiotea, usipande mpaka ujue kinachouzuia. Kama miche ipo, huenda huna haja ya kupanda. Sisi mwishowe tuligundua nyuma kabisa kwamba kifusi cha mtu kimeziba mkondo mdogo uliokuwa unaingiza maji. Tukaufukua kwa majembe, watoto wakaokota plastiki. Gharama yake chai na mahamri. Mbegu za mchu zikaletwa na maji zenyewe, na leo ile michu inanipita kiuno. Siku hiyo hakuja mpiga picha hata mmoja.

Kibali: mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo anza na ofisi ya misitu na chama cha jamii cha kutunza msitu wa hapo kwenu. Watakupa na mtu wa kutembea naye, ila ukimwona amebeba bango, kimbia. Fulana? Yangu napigia deki.

Mbegu umeshazilipia au bado? Kama bado, nitumie kwanza picha ya huo uwanja maji mafu yakiwa yamepwa.