Suh na Heisman ya 2009

Je, Ndamukong Suh, mlinzi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, aliibeba Heisman ya 2009, tuzo ya mchezaji bora wa soka ya Marekani ya vyuo vikuu? Hapana, hakuibeba. Alikuwa wa nne, tuzo ikaenda kwa Mark Ingram wa Alabama. Wazimu wa mashabiki wa Nebraska ulipanda kwenye fainali ya Big 12 (ligi yao ya vyuo) dhidi ya Texas: Suh alimbwaga chini Colt McCoy, kwotabeki (mrusha mpira) wa Texas, mara 4.5 (hiyo nusu ni pale wawili wanapombwaga pamoja). Na bado Nebraska wakafungwa 13-12 kwa teke la sekunde ya mwisho, inauma sana. Shirika la habari la AP ndio waliomtangaza Suh mchezaji bora wa mwaka, wa kwanza wa upande wa ulinzi kuipata tuzo yao hiyo. Wapiga kura wa Heisman huwapenda zaidi warusha na wakimbiza mpira. Anayecheza mstari wa mbele wa ulinzi pekee hajawahi kuipata Heisman.