Kwa nini shinikizo la tone dogo hushinda la tone kubwa?

SWALI: Mhariri, binti yangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasoma fizikia. Juzi alinionyesha katika daftari lake kwamba shinikizo lililo ndani ya tone dogo la maji ni kubwa kuliko lililo ndani ya tone kubwa, na kwamba kwa kiputo cha sabuni hesabu hiyo huongezwa mara mbili. Kazi yangu ni ya magurudumu, na ninavyojua mimi, kadiri unavyojaza upepo ndivyo gurudumu linavyovimba na shinikizo kupanda. Je, daftari halijakosea? — Mzazi, Umoja, Nairobi.

JIBU: Mzee wetu, daftari liko sawa, na wewe pia hujakosea kuhusu magurudumu; tofauti iko katika ngozi inayobana kilichomo ndani. Mpira ukivutwa hukaza zaidi. Uso wa maji hauna tabia hiyo, kwa maana unapotanuka, molekuli nyingine hupanda kutoka ndani na kujaza nafasi, na mvutano wake hubaki ule ule: takriban nyutoni 0.073 kwa kila mita kwa maji safi yenye nyuzijoto 20, liwe tone kubwa au dogo.

Mvutano huo hutokana na upweke wa molekuli za juu. Molekuli iliyo katikati ya maji huvutwa na wenzake kutoka pande zote, lakini iliyo juu karibu haina wa kuivuta kutoka upande wa hewa, na kwa hiyo uso mzima hujikunyata ili uwe mdogo iwezekanavyo. Tazama jani la sukuma wiki linapooshwa: juu ya nta yake matone madogo husimama mviringo kama shanga, ilhali makubwa hulala bapa kwa sababu ya uzito wao.

Sasa chukua chungwa ulikate katikati. Ukingo wa ganda unaozunguka kipande ndio mahali uso unapovuta ili nusu mbili zisiachane. Sehemu bapa ya nyama ndiyo ambayo shinikizo la ndani husukuma ili ziachane. Chukua chungwa jingine lenye nusu ya upana huo: ukingo umepungua mara mbili, lakini eneo la nyama limepungua mara nne. Nguvu iliyobaki nusu inasukumana na eneo lililobaki robo, kwa hiyo ili mizani ilingane shinikizo halina budi kuongezeka maradufu. Hapo ndipo inapopatikana kanuni ya binti yako: shinikizo la ziada, yaani kiasi ambacho la ndani linazidi la nje, ni mara mbili ya mvutano, ukigawanya kwa nusu kipenyo. Thomas Young wa Uingereza na Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa waliifikia mwanzoni mwa karne ya 19, kila mmoja kwa njia yake.

Kwa tone lenye nusu kipenyo cha milimita 1, shinikizo hilo ni kama paskali 146, kiasi kidogo sana mbele ya hewa ya Nairobi yenye paskali zipatazo 83,000. Lakini katika kitone cha ukungu chenye nusu kipenyo cha maikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, hufika paskali 14,600.

Kiputo cha sabuni kina nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na kila moja inabana. Ndiyo sababu ile mara mbili ya kanuni inakuwa mara nne. Wanafunzi wengi hujikwaa hapa, kwani kiputo cha hewa kilicho ndani ya maji kina uso mmoja tu na hufuata hesabu ya tone.

Mwambie binti achovye mrija katika maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, apulize kiputo upande mmoja, kisha aelekeze upande ulio wazi karibu na mwali wa mshumaa. Mwali utainama, kwa kuwa kiputo kinasukuma hewa nje, na kadiri kinavyopungua ndivyo kinavyosukuma kwa shinikizo kubwa zaidi, jambo ambalo gurudumu lenye pancha halifanyi kamwe.