Risasi ya tatu inapotoroka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina bunduki ya kuwindia ya risasi za .308, kilo 2.7 bila darubini. Niliipenda kwa wepesi wake, maana napanda sana milima. Kwenye karatasi ya shabaha, mita 100, inaniaibisha. Risasi mbili za kwanza karibu zigusane, ya tatu inapanda juu kulia, ya nne na ya tano usiulize. Nimebadilisha darubini, hali ni ileile. Naambiwa dawa ni kuweka mtutu mnene. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mtutu uache kwanza. Ukiweka mnene utaurudisha mlimani uzito uleule uliokuwa unaukimbia.

Hizo mbili za kwanza zimeshakujibu nusu ya swali. Mtutu mwembamba hushika moto upesi, na chuma kikipata moto hutanuka. Kikiwa kinagusa upande mmoja wa mbao, yaani kiunzi kinachoushikilia mtutu, au kina mkazo tangu kilipotengenezwa, kinapinda. Kinapinda kiasi cha unene wa unywele tu, ila unywele mmoja kwenye mdomo wa mtutu unafika mita 100 ukiwa upana wa kidole. Kwa hiyo piga tatu, acha bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, wazi, isimamishe bunduki kivulini, na usirudi mpaka ushike mtutu kwa kiganja usisikie joto. Mimi huwa nangoja kama robo saa. Inachosha, najua. Lakini bunduki hii haikutengenezwa kwa kupiga tano mfululizo, na hakuna mnyama atakayekusimamia uzimalize.

Sasa mikono yako, maana hapa ndipo nilipoumbuka mwenyewe. Bunduki nyepesi ina teke. Kwa risasi ileile, ukipunguza uzito wa bunduki kwa nusu, nguvu ya teke inakuwa karibu maradufu, na bunduki huanza kusogea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Nilipopata ya kwangu nilikuwa nimezoea bunduki nzito: naiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, mkono wa kushoto naulaza chini ya kitako, nafyatua. Nyepesi ikawa inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Nikalaumu risasi, nikalaumu darubini kama wewe. Siku moja, kwa hasira tu, nikaikamata mbao ya mbele kwa mkono wa kushoto, nikaivutia begani kwa nguvu ileile kila risasi. Matundu yaliyokuwa yanajaza sahani yakaingia kwenye mdomo wa kikombe cha kahawa. Mfuko wa mchanga ukae chini ya mbao, kamwe usikae chini ya mtutu.

Ukishafanya hayo mawili na bado inatawanya, ndipo ushike bisibisi. Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, angalia na uingize kidole. Kaza skrubu zinazofunga mbao na chuma kwa kipimo alichotoa mtengenezaji, pamoja na za darubini. Kisha pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, kutoka mbele kurudi chemba. Ikikwama, hapo panagusa. Usikimbilie msasa! Bunduki nyingine zimeachiwa kivimbe makusudi karibu na ncha ya mbao kiuegemeze mtutu, na ukikikwangua hakirudi. Mpelekee fundi wa silaha akiangalie. Akiwa na bunduki mkononi apime na triga, kwani triga inayotaka mvuto wa kilo 2 kwenye bunduki ya kilo 2.7 inavuta bunduki nzima kabla haijafyatua. Kazi hiyo usiifanye wewe na tupa.

Risasi nunua aina tatu za uzito tofauti, pakiti moja moja. Bunduki nyembamba huchagua kama mtoto anayebagua chakula, na sijawahi kubahatisha itapenda ipi.

Halafu nifanyie hili. Tundika karatasi moja, na kila siku ya mazoezi, mtutu ukiwa baridi, piga risasi moja tu juu yake, andika tarehe, ikunje uiweke. Zikifika tano niandikie zimetua wapi. Karatasi hiyo ndiyo nitakayoiamini kuliko zile zenye matundu matano ya mfululizo.