Maswali Yenu: Mkimya Ndani ya Bendi

SWALI: Napiga gitaa la solo katika bendi ya watu sita. Wenzangu hutunga mazoezini, papo hapo, katikati ya makelele. Mimi pale huwa sina kitu. Nikirudi chumbani usiku ndipo sauti zinakuja. Jaribio moja la haiba mtandaoni limeniambia mimi ni mkimya, nifanye kazi peke yangu. Je, nijitoe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usijitoe kwa sababu ya jaribio hilo. Mengi ya aina hiyo yamechota kwa Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechapisha maelezo ya aina za watu mwaka 1921. Majaribio hayo hukutia ama upande wa wakimya ama wa wachangamfu, ilhali wengi wetu tuko katikati. Ukilirudia baada ya wiki kadhaa, huenda likakupa jibu jingine. Tena ukimya si dalili ya kipaji wala ya kukikosa. Unachokuonyesha ni mahali na saa ambapo wimbo hukujia, basi panga kazi kwa kufuata hilo.

Rekodi kipande kwa simu, kisizidi dakika 1. Taja ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, na kasi, mathalani G, mapigo 96 kwa dakika, ukitume kwa wenzako siku mbili kabla ya mazoezi. Kiwe kiitikio na mwanzo wa ubeti mmoja, basi. Hapa wakimya wengi huharibu: hukaa na wimbo hadi kila noti imepangwa, mpiga besi akija hana pa kuingia, akigusa kitu mtunzi anaumia, na ugomvi unaanza. Mazoezini, omba kipande kipigwe mara tatu bila maoni, simu ikirekodi. Usijilazimishe kuamua pale pale. Sikiliza usiku, jibu kesho yake.

Jukwaa ni suala jingine. Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, aliacha matamasha mwaka 1964 akiwa na miaka 31, akaendelea na studio hadi alipofariki mwaka 1982. Lakini alikuwa ameshajulikana duniani. Bendi inayoishi kwa shoo haiwezi kumuiga. Tafuta nusu saa ya kukaa peke yako kabla ya kupanda, wageni waje baadaye.

SWALI: Mimi ni mwimbaji, mchangamfu sana. Nyimbo nilizoanza ni tele, nilizomaliza hakuna.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Watu ndio wanaokutia nguvu, kwa hiyo usijifungie. Chagua nyimbo tatu, nyingine ziweke kando. Kaa na mwenzako mmoja kwa dakika 90, kazi ikiwa moja tu: ubeti wa pili. Nyimbo nyingi hufia hapo kwa kuwa ubeti wa kwanza umeshasema yote. Andika sentensi moja inayoeleza ni nini kimebadilika baada ya kiitikio. Ukiikosa, hamishia mistari ya kwanza kwenye ubeti wa pili, kisha utunge mwanzo mpya.