Maswali ya wasomaji: Mzigo umekosewa, barua ya onyo iko mezani

Salamu, wahariri. Ninasimamia ghala. Wiki hii mteja aliagiza vipande 40, akapelekewa katoni 40. Katoni moja ina vipande 12, kwa hiyo alipokea 480. Aliyeandaa mzigo ana miaka minne kazini na hajawahi kuleta shida. Bosi anataka nimpe barua ya onyo kabla ya Ijumaa. Nasikia kuna namna ya kuchunguza kosa bila kumlaumu mtu. Inafanyikaje? (Msimamizi wa ghala)

Hiyo barua iweke kando kwanza. Hatusemi hivyo kwa kumhurumia mfanyakazi. Barua itakunyima habari. Mtu akishapewa onyo hujibu kama mshtakiwa: "Nilipitiwa, naomba radhi." Hapo uchunguzi umekwisha, na kilichomponza kinabaki palepale kikimsubiri mwenzake. Mwambie bosi kwamba onyo linaweza kutolewa hata wiki ijayo likistahili, lakini kumbukumbu za watu zinafutika kila siku.

Siku hiyohiyo kusanya vitu vyenyewe: fomu halisi ya oda (si iliyonakiliwa upya ikawa safi), picha ya rafu kama ilivyo, na orodha ya mizigo iliyotoka saa ile. Kisha zungumza na mhusika peke yake, dakika 20 hadi 30, kabla ya kikao chochote. Usimuulize "kwa nini hukuangalia?" Swali hilo lina jibu moja tu, na ni la kujitetea. Muulize: Ulipoishika fomu, uliona nini? Ulikuwa na kazi gani nyingine mkononi? Ni kitu gani kilikufanya uamini mambo yako sawa?

Halafu iangalie fomu kama mtu mwenye haraka. Hatujaiona, lakini kwenye kosa la aina hii pa kuchungulia kwanza ni kipimo. Je, safu ya "Idadi" ni moja, na "ktn" au "vp" imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni? Je, mistari tisa ya juu yote ilikuwa katoni, wa kumi ndio ukawa vipande? Mkono uliokwisha zoea katoni mara tisa hausomi tena, unaendelea tu. Mfuate pia mhakiki. Inawezekana kabisa alihesabu katoni 40, akaona fomu inasema 40, akatia saini kwa dhamiri safi. Kama ndivyo, uhakiki wenu unalinganisha namba na namba, na kosa la kipimo haliwezi kunaswa hata mkiweka wahakiki watatu.

Kikao kifanyike ndani ya siku tatu, kwa dakika 90, na watu watano hadi wanane wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao. Asikiongoze anayempa mhusika alama za utendaji. Chora ukutani mtiririko wa saa: nini kilitokea, nani alijua nini wakati huo. Maneno "alipaswa", "alishindwa" na "hakujali" yasiandikwe popote. Mtafiti Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua mambo yalivyoishia, huona kana kwamba yalikuwa wazi tangu mwanzo. "Alipaswa kuona" ni sentensi ya aliyekwisha jua mwisho.

Ile desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano, kila jibu likizaa swali jingine, hatuipendi sana. Inafuata uzi mmoja tu, na ikiongozwa vibaya uzi huo huishia kwa mtu. Kosa la ghalani huwa na nyuzi tatu au nne zilizokutana: fomu, foleni ya magari, mhakiki, pengine mgeni aliyewekwa zamu hiyo.

Tokeni na mabadiliko mawili au matatu, kila moja na jina la mtekelezaji na tarehe. Mkitoka na kumi, hakuna litakalofanyika. Baada ya siku 30 rudi uangalie kama fomu mpya inatumika kweli au imewekwa kwenye faili.

Kikao tulifanya, tukaazimia "kila mmoja awe makini zaidi" na kurudia mafunzo. Mwezi haujaisha, kosa limerudi. Tumekosea wapi? (Karani wa zamu ya usiku)

Azimio lenu halikubadilisha chochote kwenye kazi yenyewe. Umakini wa binadamu hupanda na kushuka. Saa tisa usiku hauko kama saa tatu asubuhi, na azimio haliwezi kuuongeza.

Zipangeni hatua zenu kwa nguvu. Yenye nguvu kuliko zote ni kuliondoa kabisa jambo linaloruhusu kosa, mfano kutouza kwa vipimo viwili kwenye fomu moja. Inafuata kufanya kosa lisiwezekane au lijitangaze lenyewe, kama vile mfumo wa kompyuta kukataa oda inayozidi kwa mara tano kiwango cha kawaida cha mteja mpaka mtu wa pili aithibitishe. Chini yake kuna orodha za kuhakiki. Chini kabisa kuna mafunzo, mabango na "kuweni makini".

Mfano wa zamani bado haujapitwa. Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za B-17 za Marekani walikuwa wakitua salama, halafu wakiwa tayari ardhini wanakunja magurudumu, ndege inalalia tumbo. Iliitwa makosa ya rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliangalia ndani ya chumba cha rubani akakuta swichi ya magurudumu na ya flapu (vile vipande vya nyuma ya bawa) zimekaa jirani na zinafanana. Hakuandaa semina. Ya magurudumu alibandika kigurudumu cha mpira, ya flapu akabandika kipande chenye umbo la kabari, mkono ukawa unajua umeshika nini bila macho kusaidia. Hadi leo mkono wa magurudumu kwenye ndege za abiria una umbo la gurudumu.

Mkisema tusilaumu, si ndiyo kulea uzembe? Kuna watu hapa wanafanya makusudi. (Meneja wa uzalishaji)

Wapo, na kutolaumu hakuna maana ya kufumba macho. Tenganisha mambo matatu. Kuna kuteleza: alitaka kufanya sahihi, mkono ukaenda kwingine. Huyo mfariji, kisha rekebisha kazi. Kuna njia ya mkato, kama kuruka hatua ya kufunga umeme kabla ya kusafisha mashine kwa sababu kufunga kunachukua dakika 15 na lengo la zamu halisubiri. Hapa mweleweshe hatari, lakini chunguza pia kwa nini mkato unalipa. Mara nyingi nusu ya zamu wanaupita na msimamizi anajua. Tatu ni kupuuza hatari kubwa kwa kujua, au hujuma, au kuja kazini amelewa. Hiyo ni nidhamu, na utaratibu wa adhabu uendelee.

Kipimo kimoja husaidia: chukua wenzake watatu wenye uzoefu uleule, wawekee mazingira yaleyale. Wangeweza kufanya vilevile? Wakikiri kwamba ndiyo, kumwadhibu mmoja ni kumtoa kafara.

Na usipime kosa kwa hasara. Kosa lilelile jana halikumgharimu mtu chochote, leo limekula mamilioni. Ukiadhibu kwa ukubwa wa hasara, unaadhibu bahati mbaya.

Tumeweka sanduku la taarifa za makosa na karibu-ajali (ajali zilizokosa kidogo tu kutokea). Miezi minne, karatasi mbili, zote zinalalamikia choo. (Afisa usalama)

Wanafunika kombe mwanaharamu apite, na hapo walipo wana haki. Jiulize nani anafungua sanduku. Akiwa ndiye anayeadhibu, usitegemee kitu.

Tarehe 1 Desemba 1974 ndege namba 514 ya shirika la TWA iligonga mlima ikikaribia uwanja wa Dulles nchini Marekani, watu 92 wakafa. Wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine waliielewa vibaya njia hiyohiyo ya kukaribia uwanja, wakanusurika. Wenzao wa shirika lao walitahadharishwa, wa mashirika mengine hawakupata habari. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa taarifa unaoendeshwa na NASA, si na mamlaka ya anga yenye meno ya kuadhibu. Rubani akiripoti ndani ya siku 10, na kosa halikuwa la makusudi, wala jinai, wala ajali, kwa kawaida hasimamishiwi leseni wala hatozwi faini. Majina huondolewa, na mafunzo hurudishwa kwa wote kupitia jarida la kila mwezi.

Kwako: taarifa zipokelewe na mtu asiye na mamlaka ya adhabu, fomu isizidi nusu ukurasa, na kila aliyeripoti apate jibu ndani ya siku saba, hata kama jibu ni "hatutabadilisha, na sababu ni hii". Na hicho choo kitengenezeni wiki hii. Watu walikuwa wanajaribu kama sanduku linasomwa.

Mimi ndiye niliyekosea. Nilifuta data kwenye kompyuta ya ofisi. Kikao ni kesho na usingizi sina. (Fundi mitambo)

Pole sana, ndugu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya programu ya GitLab, usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Uchunguzi ukagundua kwamba nakala rudufu za kila siku zilikuwa hazitengenezwi, kwa kuwa programu iliyotumika ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichookoa ni nakala ya saa sita kabla, na aliyeichukua, kwa kazi nyingine kabisa, ni mhandisi yuleyule. Kampuni iliichapisha ripoti hadharani bila kumtaja jina. Wangemfukuza saa ileile, nakala rudufu zingebaki zimekufa.

Leo usiku andika ulichokiona kwenye skrini kwa mpangilio wa saa, pamoja na amri zenyewe ulizoandika. Usiongeze neno "kizembe" wala "samahani" kila mstari. Radhi iombe mara moja, mwanzoni. Eleza kilichokufanya uamini uko mahali sahihi: jina la seva, rangi ya dirisha, ujumbe uliokuja au ambao haukuja. Karatasi hiyo mpe anayeongoza kikao kabla hakijaanza, na nakala moja baki nayo.