Kabla ya kununua vishikwambi, someni kwanza daftari la zamu

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kuhamishia kwenye kompyuta kumbukumbu za mamlaka moja ya maji, nami nikaanza kwa kuulizia bei za vishikwambi. Nilikosea. Niliyajua makosa yangu usiku niliokaa na daftari la zamu la mtambo wa kutibu maji, ambamo mabaki ya klorini, yaani dawa ya kuua vijidudu inayosalia ndani ya maji, yaliandikwa 0.5 kila saa kwa wiki tatu mfululizo, kwa kalamu ileile, hata saa ambazo umeme ulikatika na pampu zikasimama.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba maji yakishakaa na klorini dakika 30 yabaki na miligramu 0.5 au zaidi kwa lita, na yanapomfikia mteja yasiwe chini ya 0.2, kwa hiyo mhudumu wa zamu aliijua vyema namba inayompendeza mkaguzi. Wala hakuwa mvivu. Vidonge vya kupimia vilikwisha, na fomu haikuwa na mahali pa kuandika "sikupima". Nashauri fomu mpya, iwe ya karatasi au ya simu, impe nafasi hiyo pamoja na ya kueleza sababu; vinginevyo mtahamishia uongo kwenye kompyuta, ambako utaaminika zaidi.

Halafu kuna utambulisho. Bomba kuu lilipopasuka, tulimpigia fundi mstaafu atuelekeze valvu ilipo, akatuambia iko mbele ya duka la Mangi, duka ambalo lilikwisha kubomolewa kupisha barabara. Kila valvu, dira ya maji ya mteja na chemba ya majitaka ipewe namba moja isiyobadilika, na viwianishi vyake, yaani namba za ramani zinazoonyesha mahali ilipo, vichukuliwe na mtu aliyesimama palepale, akiongozana na mafundi wa zamani kabla hawajastaafu.

Kwa dira, hifadhini namba iliyosomwa na picha yake, si uniti za ankara peke yake. Kwa magari ya majitaka, msiandike ujazo wa tangi kana kwamba kila gari huja limejaa.

Sisi tulitumia daftari na simu sambamba kwa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza takwimu za klorini zilionekana mbaya kuliko wakati wowote, na meneja akataka mfumo usimamishwe. Nilimwomba kwanza asaini ombi la vidonge.